Ngazi za Uso kwenye Nywele Ndefu: Namna ya Kuzipanga, Kuzieleza na Kukatwa

Mtu aliyefuga nywele kwa miaka hufikia siku akajitazama kwenye kioo na kuona zimemning'inia pande zote mbili kama pazia, zina urefu lakini hazina umbo, na hapo huanza kuvutwa na mambo mawili yanayopingana: anataka mabadiliko, na hataki kupoteza hata sentimita moja ya alichokifuga. Ngazi za uso zinamfaa mtu wa namna hiyo. Katika mkato huu nywele za mbele peke yake ndizo zinazokatwa kwa mshazari, kishungi kifupi kabisa kikiishia usawa wa shavu, mdomo, kidevu au mtulinga, na vinavyofuata vikirefuka kidogo kidogo hadi vikutane na urefu wa nyuma, ambao wenyewe hauguswi. Anayekutazama kwa nyuma hataona kilichobadilika, ilhali anayekutazama usoni ataona sura imepata fremu.

Tutofautishe mapema mambo ambayo huchanganywa saluni na kuleta majuto. Ngazi za uso si zile nywele fupi za kufunika paji la uso, wala si ngazi za kichwa kizima, ambazo hupunguza uzito wa nywele kuanzia utosini hadi kisogoni. Unaweza kuchanganya mikato hiyo ukipenda, lakini ukiketi kwenye kiti na kusema tu kwamba unataka ngazi, fundi ana haki ya kuelewa lolote kati ya hayo matatu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayekatwa, si anayekata. Hata hivyo nitaeleza kwa kirefu mkasi unafanya nini, kwa sababu anayeelewa kazi inavyokwenda hujua wakati gani wa kunyamaza na wakati gani wa kuinua mkono.

Hatua ya kwanza: zijue nywele zako

Anza na njia, yaani mstari unaogawa nywele juu ya kichwa. Osha nywele, zichane zote kuelekea nyuma zikiwa bado mbichi, kisha weka kiganja utosini na uzisukume taratibu kuja mbele. Zitajigawa zenyewe, na pale zinapojigawa ndipo njia yake ya asili. Ikiwa wewe huibeba njia upande mwingine, au hubadilisha kila baada ya siku chache, fundi lazima alijue hilo kabla hajaanza, kwa kuwa ngazi zilizopimwa kwa njia ya katikati hazilingani tena njia ikihamia pembeni: upande mmoja hupanda na mwingine hushuka.

Tazama pia mpaka wa nywele kwenye paji la uso na kwenye panja. Watu wengi wana mahali ambapo nywele huota zikijizungusha au zikielekea juu, na kishungi kifupi kikikatwa hapo hakitalala, kitasimama. Panja nazo mara nyingi huwa na nywele nyembamba, na kwa waliozoea kusuka au kufunga kwa kukaza sana, huwa zimekatikakatika. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, usilazimishe ngazi zianzie hapo. Afadhali kishungi cha kwanza kichukuliwe nyuma kidogo ya mpaka wa nywele, penye afya, na zile nyembamba ziachwe zikue.

Jambo la tatu ni kujikunja. Nywele za singa zilizonyooka hupanda kidogo zikikauka, za mawimbi hupanda zaidi, na za kipilipili zinaweza kupanda hadi zikaonekana nusu ya urefu wake au chini ya hapo. Chukua kishungi kimoja cha mbele, kipime kwa rula kikiwa kibichi na kimenyooshwa, kisha ukipime tena kikikauka bila kuvutwa. Tofauti utakayoipata ni hesabu yako mwenyewe, na ina thamani kuliko kanuni yoyote ya jumla, kwa sababu kichwa kimoja kinaweza kuwa na nywele zinazojikunja sana upande mmoja na kidogo upande wa pili.

Hatua ya pili: amua kishungi kifupi kabisa kiishie wapi

Huu ndio uamuzi wenyewe. Mengine yote katika mkato huu, upana wa fungu, ukali wa mshazari, mahali pa kuungana na urefu, yanaweza kurekebishwa baadaye siku hiyo hiyo, lakini kishungi kifupi kikishakatwa kimekatwa. Nywele za kichwani hukua kwa wastani wa takriban sentimita 1 hadi 1.5 kwa mwezi, kwa hiyo kosa la sentimita 5 ni kosa la kuishi nalo miezi minne au mitano.

Simama mbele ya kioo, nywele zikiwa zimekaa kama unavyozivaa kila siku, na utumie kidole cha shahada kugusa uso wako, si nywele. Kumbuka kwamba jicho la mtazamaji hufuata mstari wa nywele na kutua pale ncha inapoishia. Kishungi kinachoishia kwenye mfupa wa shavu huvuta macho mashavuni, kinachoishia usawa wa mdomo huvuta macho mdomoni, na kinachoishia kidevuni hukaza mstari wa taya. Majedwali yanayogawa watu kwa sura za duara, za mraba na za yai yana faida ndogo, kwa maoni yangu, maana nyuso chache sana huingia sawasawa katika umbo moja. Swali lenye msaada zaidi ni hili: ni sehemu gani ya uso wako ungependa itazamwe kwanza, na ni ipi ungependa ipitwe? Mwenye taya pana asiyetaka isisitizwe asikubali ncha itue hapo hapo. Aishushe sentimita 2 au 3 chini ya kidevu.

Baada ya uzuri, fikiria mwenendo wa maisha yako. Kishungi cha usawa wa shavu hakifiki nyuma ukifunga nywele, kitabaki usoni unapoinama, unapopika, unapokimbia au unapoandika. Cha kidevuni mara nyingi hushikwa ukifunga chini karibu na shingo, lakini hutoroka ukifunga juu. Cha mtulingani hakikusumbui kwa lolote, ingawa pia hubadilisha sura kidogo tu. Mwenye miwani azingatie kwamba nywele za usawa wa shavu hukutana na fremu na kusukumwa nje. Kwa anayekatwa mara ya kwanza ningependekeza kidevuni au chini yake kidogo, tena bila kusita, kwa kuwa kutoka hapo unaweza kupanda wiki ijayo, na kushuka huwezi.

Lipo jaribio jepesi lisilohitaji mkasi. Chukua kishungi cha mbele, kikunje kuelekea ndani hadi ncha ya mkunjo iwe pale ulipopachagua, kibane kwa kibanio kidogo upande wa ndani, kisha ufanye hivyo hivyo upande wa pili. Kaa hivyo nyumbani kwa saa kadhaa, ule, uoshe vyombo, usome. Hautaona mkato kamili, ila utahisi kama unaweza kuishi na nywele mahali hapo.

Hatua ya tatu: picha

Chagua picha mbili au tatu za watu wenye nywele zinazofanana na zako kwa unene, wingi na mkunjo, hata kama sura zao hazikuvutii sana. Picha ya nywele nzito za singa haimsaidii mwenye nywele nyepesi za mawimbi. Kumbuka pia kwamba picha nyingi za aina hii zimepigwa mara tu baada ya draya na brashi ya duara kupita, na ule mviringo unaoonekana kufagia shavu ni kazi ya joto, si ya mkasi. Farrah Fawcett, mwigizaji wa Marekani, alisifika miaka ya 1970 kwa nywele za mbele zilizorushwa nyuma kama mabawa, lakini mabawa yale hayakai hivyo bila kutengenezwa kila asubuhi. Ikiwa wewe huosha nywele na kutoka zikauke njiani, tafuta picha ya mtu anayefanya vivyo hivyo. Picha moja ya mkato usioutaka ina faida pia. Wakati mwingine humfundisha fundi zaidi ya zile tatu nzuri.

Hatua ya nne: maongezi kabla ya maji

Zungumza na fundi nywele zikiwa kavu, zimeachiwa, na wewe umetazamana naye kwenye kioo. Akikuelekeza kwenye beseni la kuoshea kabla hajaziona zilivyo, omba kwa adabu mzungumze kwanza. Mweleze njia yako, mkunjo, namna unavyofunga nywele, na kama zimetiwa dawa au rangi. Kisha gusa uso wako kwa kidole na umwambie kwamba nywele zikiwa zimekauka, kishungi kifupi kabisa kiishie hapo. Maneno kama kidogo, kiasi, au wastani hayapimiki. Niliwahi kusema nataka kidogo tu, fundi akasikia nataka ngazi fupi kidogo, na sote wawili tukaondoka tukiamini kwamba tulielewana vizuri mpaka nilipofika nyumbani.

Baada ya kueleza, mwombe akurudishie kwa maneno yake atakachofanya. Sikiliza kama anataja mambo matatu: mahali pa kuanzia, upana wa fungu atakalolichukua, na mahali ambapo ngazi zitaungana na urefu wa nyuma. Akikwambia kwamba unachotaka hakitakaa vizuri kwenye nywele zako na akakueleza sababu, huyo ni fundi wa kumsikiliza. Wa kuwa na wasiwasi naye ni anayekubali kila kitu akiwa tayari ameshika mkasi.

Hatua ya tano: siku ya kukatwa

Nenda na nywele zilizo safi, zilizokaa katika hali yake ya kawaida, zisizo na alama ya kufungwa. Vaa nguo isiyo na kola ya kusimama wala kofia ya mgongoni, kwa sababu vitu hivyo husukuma nywele na kudanganya urefu. Ukiketi, weka miguu yote miwili chini au kwenye kikanyagio, kwani anayekunja mguu mmoja juu ya mwingine huinamisha bega bila kujua, na mstari unaokatwa huinama pamoja nalo. Simu iweke kando wakati wa nywele za mbele. Kichwa kilichoinama hubadilisha mahali nywele zinapoangukia.

Hatua ya sita: kazi ya mkasi

Fundi huanza kwa kuweka njia, kisha kutenga fungu la mbele. Kwa kawaida hutafuta mahali ambapo kichwa huanza kujikunja kushuka mbele, na kutoka hapo huvuta mistari miwili inayoshuka kila upande, hivyo kupatikana pembetatu ambayo kitako chake kiko kwenye mpaka wa nywele. Mistari ikiishia juu ya ncha za nyusi, fungu ni jembamba na ngazi zitakuwa chache. Ikifika karibu na sikio, fungu ni pana na mabadiliko yatakuwa makubwa. Kilichobaki nyuma hubanwa kwa vibanio ili kisichanganyike. Huu ni wakati mzuri wa kutazama kwa makini, maana kila unywele ulio nje ya vibanio unaweza kufupishwa. Ukiona fungu limevuka sikio na hukukubaliana hivyo, uliza sasa.

Kisha hukatwa kishungi cha mwongozo, ambacho ndicho kifupi kabisa, na vyote vingine hupimwa kwacho. Fundi mwangalifu hukikata kirefu kuliko mlivyokubaliana, sentimita 2 au zaidi kwa nywele zenye mkunjo, hukiachia kianguke, hukitazama, ndipo hupandisha. Nywele mbichi hunyumbulika na kurefuka zikivutwa, kwa hiyo kishungi kilichokatwa usawa wa kidevu kikiwa kibichi na kimekazwa kitaonekana mdomoni kikikauka. Ndiyo sababu kwa nywele za mawimbi makubwa na za kipilipili napendelea nywele za mbele zikatwe kavu, kila kishungi katika mkunjo wake, na kwa nywele za singa haidhuru zikikatwa mbichi mradi vidole havikazi.

Kutoka kwenye mwongozo, fundi huchukua kishungi kinachofuata kuelekea nyuma, hukivuta mbele hadi kikutane na cha kwanza, na kukikata usawa ule ule. Hapa ndipo ilipo siri ya mkato huu, na haina uchawi wowote. Unywele ulioota karibu na sikio umesafiri safari ndefu zaidi kufika mbele ya pua kuliko ulioota kwenye paji la uso. Ukikatwa pamoja na mwenzake kisha ukaachiwa urudi kwao, utabaki mrefu kuliko mwenzake. Kadiri nywele zinavyovutwa mbele zaidi, ndivyo mshazari unavyokuwa mrefu na mpole, na urefu wa nyuma hulindwa. Zikikatwa bila kuvutwa mbele, kila kishungi mahali pake, nywele za pembeni huwa fupi zote na urefu huliwa.

Pembe ya kuinua nayo ina kazi yake. Nywele zikishikwa chini karibu na uso huacha mstari mzito unaoonekana wazi, na zikiinuliwa mbali na uso kabla ya kukatwa huachana kwa urefu na kuwa nyepesi. Nywele chache hupendeza zikishikwa chini, nyingi huhitaji kuinuliwa.

Ncha zinaweza kumalizwa kwa namna mbalimbali. Mkasi ulioelekezwa kwa ncha yake ndani ya nywele huvunja ule mstari mkali na kuufanya laini. Mkasi unaoteleza kutoka juu kwenda chini huku ukifungwa nusu hutoa mshazari mmoja mtamu, ila hufaa nywele za singa zenye afya, na lazima uwe mkali, kwa sababu butu huvuta na kuchana. Wembe na mkasi wenye meno ya kupunguzia ningeviepuka kabisa karibu na uso wa mwenye nywele za mkunjo au zilizochoka kwa dawa; huacha vinywele vifupi vifupi ndani vinavyosukuma vile virefu, na baada ya wiki mbili nywele huanza kutimka.

Upande wa pili ukikatwa, vishungi vya pande zote mbili huvutwa pamoja hadi chini ya kidevu ili kulinganishwa. Usishtuke vikitofautiana kidogo, kwani nyuso zetu hazilingani pande mbili, na fundi mzuri hulinganisha kwa kutazama kioo baada ya kupima. Ukitaka kusema kitu, inua mkono kwanza na usubiri mkasi utoke kwenye nywele. Kugeuza kichwa ghafla kumewaharibia wengi mkato uliokuwa ukienda vizuri.

Mwisho kuna kiungo, yaani pale ngazi ya mwisho inapokutana na urefu usioguswa. Mara nyingi hubaki kona hapo, kama bega la shati, karibu na mtulinga. Kona hiyo hupunguzwa kwa ncha ya mkasi kidogo kidogo. Ikiachwa, nywele zitaonekana kama mikato miwili tofauti iliyowekwa kwenye kichwa kimoja.

Hatua ya saba: kausha ndipo uamue

Usitoke nywele zikiwa mbichi. Omba zikaushwe namna unavyozikausha wewe, na ikiwa fundi anataka kuzipindisha kwa brashi, mwombe akuonyeshe kwanza zilivyo bila kupindishwa, kwa maana mviringo wa brashi huficha kona na tofauti za urefu. Zikishakauka, zitikise, zihamishe njia, zisukume nyuma ya masikio uziachie, kisha uzifunge kama unavyofunga siku zote. Sikio husukuma nywele nje, na kishungi kilichoonekana sawa kikiwa kimelala kinaweza kujitokeza. Marekebisho ya milimita chache hufanywa sasa, tena kwa kupunguza upande mrefu mara moja tu. Anayekimbizana na usawa, huku kidogo na kule kidogo, huishia mashavuni.

Hatua ya nane: nyumbani

Katika wiki ya kwanza nywele bado hukumbuka njia zake za zamani, kwa hiyo usihukumu mkato siku ya pili. Kuzikausha ziangukie kwa nje, elekeza hewa ya draya kutoka mbele kwenda nyuma zikiwa nusu kavu, ukizivuta juu na mbali na uso kwa brashi ya duara, kisha uziache zipoe zikiwa zimezungushwa hapo, kwa kuwa umbo hukaa nywele zinapopoa. Mafuta na kondishena zianzie chini ya kidevu. Vishungi vya mbele hugusa ngozi ya uso siku nzima na huchafuka kwa mafuta upesi kuliko nywele nyingine. Unaweza kuviosha peke yake kwenye sinki, vingine vikiwa vimefungwa.

Rudi kwa fundi baada ya wiki 8 hadi 12 ikiwa ngazi zako ni za usawa wa shavu au mdomo. Za mtulingani huvumilia hata mara mbili ya muda huo. Katikati ya safari hizo utashawishika kuzikata mwenyewe kwa kukusanya nywele zote mbele ya paji la uso na kupitisha mkasi mara moja. Njia hiyo hutumia kanuni ile ile ya kuvuta mbele niliyoieleza, ila huivuta kichwa kizima, na kosa la sentimita 1 kwenye fungu lile hugeuka kosa la kichwa kizima. Ukilazimika, gusa ncha za vishungi viwili vya mbele tu, vikavu, mkasi ukiwa wima, usizidi nusu sentimita.

Ukiwa umekatwa fupi kuliko ulivyotaka, usikimbilie mkato mwingine wa kurekebisha. Hamisha njia upande kwa sentimita 2 au 3, na kishungi kilichokuwa kikiangukia shavuni kitapita juu ya kichwa na kutua nyuma zaidi. Vilivyobaki visokote kuelekea nyuma na uvibane juu ya sikio. Kila unaporudi saluni, mwambie fundi asiguse vile vifupi bali apunguze vya jirani yake, ili vya chini vivisubiri vya juu, na baada ya miezi kadhaa mshazari utakuwa umeshuka wenyewe hadi kidevuni.